Kopo la Mtoto: Mwongozo Kamili wa Kulisha Watoto Wadogo Miezi ya Uhaba Lamu

Ukitaka kujua kama nyumba yenye mtoto mdogo imeanza kuingia njaa, usiangalie mchele. Angalia kitoweo. Huku kwetu mchele ndio wa mwisho kuondoka. Kwanza samaki anakuwa wa siku mbili kwa wiki, kisha mbaazi zinapikwa kwa tui jepesi tu, kisha mboga inakuwa kitunguu na nyanya moja iliyopondwa, na mwisho sinia inafika mkekani nyeupe. Watu wazima wanakula na kushukuru. Mtoto wa mwaka mmoja naye anajaza tumbo na kulala. Miezi mitatu baadaye akipandishwa mizani kliniki, mstari wa uzito wake kwenye kijitabu umelala, na mama anaapa kwamba mtoto hajawahi kulala na njaa. Anasema kweli.

Haya ni ya yeyote anayelea mtoto wa chini ya miaka mitano, zaidi wa chini ya miwili: Amu mjini (mji wa Lamu), Shela, Matondoni, Kipungani, kisiwa cha Pate, au upande wa bara kuanzia Mokowe hadi Witu. Aliye Malindi, kaunti ya Kilifi, atatumia karibu yote, na ana sababu nzuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani watoto wafupi kuliko umri wao, ni asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kenya. Kilifi ilikuwa asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote. Na Kilifi si jangwa. Ina bahari, mito na minazi.

Ninachokisisitiza kote humu ni kwamba chakula cha mtoto kitengwe kabla ya cha nyumba. Wengi hufanya kinyume, wakiamini kwamba nyumba ikila, mtoto naye atakula.

Hatua ya kwanza: jua miezi yako mibaya

Kwa nyumba ya mvuvi, miezi mibaya ni ya kusi. Huanza kuvuma Aprili, na kati ya Mei na Agosti bahari huchafuka hasa. Mwenye ngalawa au mashua ndogo hatoki nje ya mwamba, na akitoka harudi na cha maana. Ndiyo miezi ya masika pia. Mboga za soko la kando ya Ngome karibu zote zinatoka bara, zinapakuliwa Mokowe, zinavuka kwa boti, zinabebwa na punda au mkokoteni, na kila anayezigusa anaongeza chake. Barabara ikikatika, kama ilivyokatika kati ya Garsen na Witu kwa mafuriko ya mwisho wa 2023, nyanya huwa kitu cha kuhesabu moja moja.

Kwa mkulima wa Hindi au Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, hesabu ni nyingine kidogo. Njaa yake ni kabla ya mavuno: ghala limekwisha, mahindi yako kiunoni shambani, na palizi inataka nguvu. Mvua ikigoma, kama misimu mitano mfululizo ilivyogoma katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, miezi hiyo haina mwisho.

Chukua kalenda ya ukutani utie alama: miezi ya kusi, mwezi wa karo, mwezi wa Ramadhani (ambao hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka), na mwezi wa kujifungua kama kuna mjamzito. Pale alama mbili zinapoangukia pamoja ndipo pa kujiandalia. Akiba ya kusi huwekwa kaskazi ingalipo, Januari hadi Machi, pesa ya samaki inapoingia na kila mtu anadhani itaendelea kuingia. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kame na nusu kame, Lamu na Kilifi zikiwemo, ikieleza kama hali ni ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Ofisi ya chifu inapaswa kujua. Muulize.

Hatua ya pili: pima mkono

Jicho la mama linadanganya, maana anamwona mtoto kila siku. Utepe haudanganyi. Ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye rangi tatu, unapatikana zahanati na kwa wahudumu wa afya ya jamii wengi. Hupimiwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na mama yeyote anaweza kujifunza kwa dakika tano.

Mvue mtoto nguo upande wa kushoto. Kunja mkono wake kwenye kiwiko, tafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kisha weka alama katikati kwa kalamu au hata wanja. Uache mkono uning'inie ulegee. Zungusha utepe pale penye alama, uguse ngozi pande zote bila kuibana. Ngozi ikifinyana umekaza mno, kukiwa na mwanya umelegeza. Soma kwenye kidirisha. Milimita 125 na zaidi ni kijani. Kutoka 115 hadi chini ya 125 ni njano: utapiamlo wa wastani. Chini ya 115 ni nyekundu, na nyekundu haingoji kesho.

Kisha miguu. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba, hesabu polepole moja, mbili, tatu, uachie. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama utepe unasema kijani. Mtoto aliyevimba huonekana kanenepa, na mashavu yake yakasifiwa mtaani.

Rudia kila mwezi, na kila wiki mbili kusi ikikolea. Andika kwenye kijitabu cha kliniki, si kichwani.

Hatua ya tatu: jaza kopo la mtoto

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tafuta kopo au ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, iandikwe jina la mtoto, iwekwe juu mbali na panya na unyevu. Kila pesa inapoingia, kopo hili ndilo la kwanza kujazwa, kabla ya mchele wa nyumba na kabla ya deni la dukani.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ambaye bado ananyonya huhitaji takriban kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Nyingine anazipata kwenye ziwa. Wa miezi 9 hadi 11 ni kama 300, wa miezi 6 hadi 8 ni kama 200. Ukizigeuza kuwa vitu vya dukani, mtoto huyo wa mwaka mmoja anataka kwa mwezi mzima:

- unga wa wimbi, mtama au mahindi, kilo 3
- pojo (ndengu) au kunde, kilo 1
- dagaa wakavu, robo kilo
- mafuta ya kupikia, nusu lita

Basi. Juu yake weka cha kila siku kinachopatikana: majani ya mboga, kipande cha boga, embe, papai, yai mara kadhaa kwa wiki. Aliyeachishwa ziwa aongezewe maziwa, vikombe viwili kwa siku ukiweza.

Linganisha orodha hiyo na mchele ambao watu wazima wa nyumba yako wanamaliza kwa mwezi. Cha mtoto ni kama pembe ya gunia. Ndiyo maana nakasirika kidogo nikisikia "hatuna cha kumpa mtoto" katika nyumba ambayo sukari ya chai inanunuliwa kila siku ya Mungu. Kuna nyumba ambazo hazina kweli, na hizo nitazifikia. Lakini nyingine zinacho, ila kinaingia kwenye sufuria kubwa na kupotelea humo.

Dagaa wasikutishe. Chagua wasio na chumvi nyingi, toa mchanga, osha kwa maji ya moto mara mbili, anika tena, kaanga bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, twanga na uchekeche. Unga huo hukaa kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri wiki mbili tatu. Ukianza kunuka vibaya, utupe. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi kali mno kwa mtoto mdogo, waachieni wakubwa.

Pojo nazipendelea kuliko maharagwe kwa sababu moja ya jikoni: zinaiva haraka, na mkaa ni pesa. Ziloweke usiku, zioshe, zipike zilainike kabisa.

Ule unga wa mchanganyiko wa nafaka saba, karanga, soya na dagaa ndani ya pakiti moja siupendi. Vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja, kimoja kikiharibika vyote vimeharibika, na mtoto akitokwa na vipele hujui alichokula. Changanya kwenye sufuria, si kwenye gunia. Na mahindi au karanga zilizopata unyevu na ukungu usizisage ukidhani moto utaondoa sumu. Mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zao. Hewa yetu ya pwani ina unyevu zaidi ya kule. Nunua kidogo kidogo, anika, funga.

Hatua ya nne: pika kizito

Kosa linalojirudia kuliko yote ni uji mwepesi. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba kama robo lita kwa mara moja. Ukilijaza maji ya rangi ya wimbi, umelijaza na hujamlisha.

Kwa bakuli moja chukua unga vijiko vinne vya mezani na maji kikombe kikubwa kidogo. Koroga unga kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, injika, koroga mpaka uchemke, halafu punguza moto na uuache utokote dakika kumi au zaidi. Tia kijiko cha chai cha unga wa dagaa, na pojo zilizopondwa kama unazo. Mwisho kabisa tia kijiko cha chai cha mafuta au kijiko cha mezani cha kasimele, yaani tui zito la kwanza. Siku unayokuna nazi kwa ajili ya wali, toa kasimele kidogo ya mtoto kabla hujaongeza maji. Mkamuo wa pili ndio uende kwa wakubwa. Inamisha kijiko: uji uteleze polepole ukiwa donge moja. Ukimiminika kama chai, rudisha jikoni.

Sukari haihitajiki. Ukitaka utamu, loweka tende mbili, toa kokwa na ngozi, ponda. Asali isimwingie mtoto mdomoni kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kulamba.

Wa miezi sita aanze na vijiko viwili vitatu vya kitu laini, mara mbili au tatu kwa siku, aongezwe taratibu hadi nusu kikombe. Kufikia miezi tisa apewe kilichopondwa, nusu kikombe, mara tatu au nne. Kuanzia mwaka ale chakula cha nyumbani kilichokatwa vidogo, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne na kitu cha kushika mkononi katikati: kipande cha muhogo wa kuchemsha, ndizi, kiazi kitamu. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250.

Sasa aina. Wataalamu wa lishe hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane, na humtaka apate angalau matano kila siku: maziwa ya mama; nafaka na mizizi; jamii ya kunde, karanga na mbegu; maziwa mengine na mtindi; nyama, samaki na kuku; mayai; mboga na matunda ya rangi ya chungwa au kijani kibichi; na mboga na matunda mengineyo. Inasikika kama karamu, kumbe si hivyo. Mtoto anayenyonya, akanywa uji wa wimbi uliotiwa unga wa dagaa, mchana akala pojo zilizopondwa na mchicha au majani ya mronge (moringa), ameshafika matano, na hakuna kilichotoka duka kubwa. Simsim ya Mpeketoni ikikaangwa na kusagwa ni hazina nyingine, na mronge humea ua wa nyumba bila kuomba maji mengi.

Neno kuhusu supu. Bibi zetu wanaiamini supu ya samaki, na ni kitamu kweli, lakini chakula ni nyama yake. Mpe tasi au changu aliyepondwa, na umchambue kwa vidole, si kwa macho. Miba ya tasi inajificha.

Hatua ya tano: bakuli lake, si sinia

Kula sinia moja ni katika malezi yetu na sisemi iachwe. Ila mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiketi kwenye sinia na ndugu watano, anashindwa kabla ya bismillahi. Wakubwa wana mikono mirefu na wanajua samaki amelala upande gani. Yeye anashika punje tatu, mbili zinaanguka. Sinia ikiisha hujui amekula kiasi gani. Mpakulie bakuli lake kwanza, na mtu mmoja amkalie na kumlisha kwa subira, akimsemesha. Bakuli likibaki nusu unaliona, ukajua leo ana jambo.

Mnapopunguza kitoweo, kipunguzwe kwa wakubwa. Samaki akiwa mmoja, fungu la mtoto na la mama anayenyonyesha au mwenye mimba yatolewe kabla sinia haijapakuliwa.

Chai ya rangi na mkate asubuhi ndiyo desturi iliyozoeleka kuliko zote, na ndiyo inayomla mtoto polepole. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, na mkate mweupe haubebi mengi. Mwenye kumpa chai mara nyingi ni bibi, tena kwa mapenzi, na bibi hafundishwi mbele za watu. Mshirikishe: "Bibi, nisaidie asionje chai mpaka amalize uji wake, wewe ndiye anayekusikiliza." Akishakuwa mlinzi wa uji, mambo hugeuka.

Na ile shilingi kumi ya mabuyu ya rangi, achari na krisps za saa nne asubuhi? Inaua hamu ya chakula cha mchana. Ziweke za siku mbili tatu, nunua yai.

Hatua ya sita: mlishe anayenyonyesha

Miezi sita ya kwanza ni ziwa tupu, hata maji hapana, hata joto la Februari. Mama mwenye njaa huambiwa maziwa yamekauka, akakimbilia maziwa ya kopo, na kwa kuwa ni ghali yanazimuliwa maji. Hapo ndipo mtoto anapoharibikiwa. Hata mama ambaye hali vizuri kwa kawaida hutoa maziwa ya kumtosha mwanawe. Anayechakaa ni yeye mwenyewe. Maziwa huongezwa na kunyonywa, kwa hiyo anyonyeshe mara nyingi, mchana na usiku. Naye aongezewe chakula kila siku na maji ya kunywa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya mwaka.

Ramadhani ina mtego ambao haupigiwi kelele. Anayehofia nafsi yake au mtoto kwa mimba au kunyonyesha ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Maelezo ya kulipa amuulize sheikh wake. Mtego wenyewe ni jiko. Nyumba ikifunga, jiko la mchana halina moto, na mtoto wa miaka miwili anashindia mabaki ya daku na kaimati. Mpikie daku uji wake wa asubuhi uwekwe kwenye chupa ya chai, na mchana ziwepo ndizi na yai la kuchemsha. Uji uliokaa nje ya chupa zaidi ya saa mbili tatu usimpe.

Hatua ya saba: kata matumizi kwa mpango

Pesa zikipungua kila nyumba hukata kitu. Tatizo ni mpango wa kukata. Kwetu wali ni heshima, basi watu hushikilia mchele wakaacha kitoweo. Geuza. Nenda dukani ukiwa umeshaamua.

"Mama, kilo mbili za mchele kama kawaida?"

"Leo kilo moja, ami. Hiyo nyingine nifungie pojo nusu, na dagaa wa pesa itakayobaki."

Vya kukata mwanzo: soda, mkate wa dukani, sukari ya ziada, biskuti, mchele wa bei (wakubwa wale sima, muhogo au viazi). Visivyokatwa: kopo la mtoto, mafuta, sabuni, na nauli ya boti ya kwenda hospitali, ambayo ikae peke yake isiguswe. Mchezo wenu (upatu) wa akina mama ukiruhusu, pangeni zamu ziangukie mwanzo wa kusi kwa wenye watoto wadogo. Nimeona kikundi kikikubaliana hivyo na hakuna aliyenuna.

Kwa mume mvuvi, kitoweo cha nyumbani kitoke kabla samaki hawajafika kwa tajiri anayewanunua. Wadogo wasio na bei sokoni ndio hasa wanaomfaa mtoto. Na maji ya bamvua yakipwa, pweza wa miambani bado ni wa anayejua kumtafuta, hata kusi.

Hatua ya nane: maji na kuharisha

Mtoto anaweza kula vizuri na bado akakonda, kwa kuharisha mara kwa mara. Maji ya jabia (birika la maji ya mvua) na ya visima vya chumvichumvi yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu. Mikono ioshwe kwa sabuni, wa anayelisha na wa anayelishwa.

Akiharisha mpe ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma mapema. Usimkatishe chakula wala ziwa. Akipona, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili ili arudishe alichopoteza. Vitamini A ni kila miezi sita kuanzia miezi sita, dawa ya minyoo kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja.

Hatua ya tisa: sema mapema

Amu ni mji wa sitara. Mtu atafunga mlango, atachemsha maji jikoni ili jirani aone moshi, na hatasema. Naiheshimu sitara ya mtu mzima. Ya mtoto ina muda mfupi, kwa sababu kati ya njano na nyekundu yaweza kuwa wiki chache tu, na homa moja inatosha kumvusha.

Wa kwanza kumwambia ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Kazi yake ni kuingia nyumba kwa nyumba, hakuna atakayeshangaa kumwona mlangoni. Wa pili ni msikiti. Zaka ya fitri ni pishi ya chakula kwa kila kichwa, na wanaoisimamia wanaweza kuambiwa kwa siri kwamba nyumba fulani ina mtoto wa njano. Pojo na dagaa zinaweza kutolewa mwezi mwingine wowote kama sadaka. Wa tatu ni chifu na ofisi ya ustawi wa jamii. Mpango wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zinazolea yatima, na zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Nyumba nyingi zenye bibi na wajukuu zinastahiki na hazijasajiliwa. Aliye Malindi aulizie pia NICHE, mpango unaozipa kaya zenye wajawazito na watoto wadogo pesa pamoja na mafunzo ya lishe, kwani Kilifi imekuwa miongoni mwa kaunti zake. Jisajilini SHA, bima ya afya ya serikali, na watoto waandikwe, msisubiri siku ya ugonjwa. Mtoto akitelekezwa au kunyimwa chakula kwa makusudi, simu ya 116 ni ya bure.

Wala usiende ukijikunyata. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi.

Jirani mwenye uwezo naye ana adabu zake. Tuma sahani kupitia mtoto, magharibi, na useme umepika nyingi. Sahani hiyo iwe na samaki.

Hatua ya kumi: utepe ukisema nyekundu

Nenda na kijitabu. Amu kuna hospitali ya King Fahd, Pate kuna hospitali ya Faza, bara kuna Mpeketoni na kituo cha Witu. Anayevuka kutoka Pate aulize maji ya Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, kabla ya kutoka nyumbani, boti isije ikakwama na mgonjwa. Usingoje maji wala mchana kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Kodi boti, ombeni, changeni.

Mtoto wa nyekundu mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine kwa kawaida hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa: rojo nzito ya karanga, maziwa, mafuta na sukari ndani ya pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500. Ni bure. Ni dawa yake, haigawanywi na ndugu zake wala haiuzwi, na kila pakiti iende na maji safi ya kunywa. Asiye na hamu, aliyevimba sana au mwenye homa kali hulazwa. Ukiambiwa pakiti zimekwisha, uliza zitafika lini na kituo gani kingine kinazo, na umwombe nesi aandike kwenye kijitabu kwamba ulifika.

Akiruhusiwa, mpime kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Kopo lake lijazwe siku hiyo hiyo anayorudi, na watoto wengine wa nyumba hiyo wapimwe wote, hata yule mnene.